Chumvi Niliyomwaga Kwenye Munyu

Kosa ni langu. Si la mwanangu, wala si la Runji aliyeshika mkuki, wala si la ukame wa mwaka ule. Ni langu mimi, mama mzee wa miaka sabini na minne, na nimekaa nalo miaka sita bila kumwambia mtu, hata pasta wetu.

Wewe unayesoma, nivumilie nikueleze polepole. Majina nayakumbuka yote. Ya watu nimeyageuza ili nisiwaletee taabu. Ya mbuzi nimeyaacha kama yalivyo, maana mbuzi hawana wa kuwacheka.

Mume wangu nitamwita Namu. Mimi nilimwita Baba Ireri, kwa jina la kifungua mimba wetu. Tuliishi huku chini Mbeere, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu kutoka Kiritiri, mahali ambapo mvua ikija inapita tu kama mtu mwenye safari zake. Tulilima ndengu na mtama, tulifuga mbuzi.

Namu alikuwa wa nyumba ya wawindaji. Baba yake aliwinda, na babu yake pia. Serikali ilipokataza, Namu akautundika mkuki na hakuwahi kuuteremsha tena. Lakini mambo ya uwindaji hayakumtoka kichwani. Jioni alikuwa akinihadithia kila mnyama aliyewahi kumfuata, na mahali alipomfikia, na mtu aliyekuwa naye. Alikuwa na kikombe chake cha bati, cheupe chenye ukingo wa samawati, kilichotobolewa sikio kwa msumari ili kifungwe kamba kiunoni. Alitembea nacho ujana wake wote. Alipoacha kuwinda, mimi nikakichukua nikawa nakwenda nacho malishoni.

Karibu na kwetu kuna kilima cha serikali. Ni ardhi ya umma, ya kila mtu, na kitu cha kila mtu mnajua kinavyokuwa. Huyu anachoma makaa, yule anakata kuni, mwingine amepita na mbwa kumi, mwingine ametega waya kila kichaka. Wanyama wakaisha. Wale waliobaki wakahamia shamba la jirani, shamba kubwa la Mzee Kathuri, lililozungushiwa fensi ya stima. Huko hakuna mbwa, hakuna waya wa kutegea.

Na wanyama wanajua, jamani! Wanajua mpaka kuliko karani wa ardhi. Kulikuwa na pofu, yule mnyama mkubwa kama fahali, mwenye pembe zilizojisokota na ngozi inayoning'inia shingoni. Walikuwa wanasimama hatua mbili nyuma ya fensi wanakula majani, wanakutazama usoni. Runji, binamu wa Namu, alikuwa akiniambia wanamtazama vile mwenye duka anavyomtazama mtu asiye na pesa.

Mwanangu Ireri alikuwa askari wa shamba hilo. Kazi nzuri, kofia, makoti ya mvua, viatu vya ngozi. Alizunguka fensi usiku, asubuhi akamwachia mwenzake, Marigu.

Sasa nije kwenye kosa.

Namu aliugua tumbo. Tulimpeleka hospitali, tukarudi, tukampeleka tena, mara ya tatu daktari akaniita kando akaniambia kwa upole nikae naye nyumbani. Nikaelewa. Akaacha kula. Nilipika uji wa wimbi, akageuza uso. Nilipika ndengu laini, nikachinja jogoo, akaonja kwa ajili yangu kisha akaweka kijiko. Mtu niliyemjua na mabega mapana nikawa namgeuza kitandani kwa mkono mmoja.

Siku moja mchana aliniambia, sauti ikiwa ndogo sana, kwamba kama angepata supu ya pofu angeimaliza. Akacheka baada ya kusema. Alikuwa anatania. Mgonjwa anaruhusiwa kutamani kitu ambacho hakipo.

Lakini mimi sikucheka. Mimi nililishika hilo neno.

Siku hizo hizo Ireri alikuwa ameniambia jambo, akinywa chai jikoni kwangu. Mafuriko ya mvua moja kali, ya pekee katika ukame ule, yalikuwa yamepita kwenye korongo na kung'oa nguzo nne za fensi upande wa kilima. Waya ulikuwa umelala chini na fundi alikuwa bado hajafika. Mzee Kathuri aliwaambia askari wawili tu, akawaonya wasimwambie mtu mwingine yeyote. Ireri aliniambia mimi kwa sababu mimi ni mama yake. Alitaka nisipeleke mbuzi upande huo, wasije wakavuka nikaitwa mwizi wa malisho.

Nilimjibu nimesikia. Na kweli nilikuwa nimesikia.

Hatua kama hamsini kutoka pale fensi ilipoanguka, upande wetu wa serikali, kuna udongo wa chumvi. Kwetu tunauita munyu. Mbuzi wanaulamba, ng'ombe wanaulamba, na zamani wanyama wa porini pia walikuja kuulamba alfajiri. Na hapa nataka mwelewe vizuri, kwa maana bila hili hamtaelewa kilichompata mume wangu. Nyumba ya kina Namu walikuwa na mwiko. Mnyama aliye kwenye munyu hauawi. Unaweza kumfuata siku tatu, lakini akiinamisha kichwa kulamba, unakaa chini unamngoja aondoke. Namu alinieleza sababu tulipokuwa vijana: pale kila mnyama hufika amefumba macho ya wasiwasi, amekuja kwa shida yake, hajaja kwa ajili yako. Ukimwua pale umemwua aliyekuamini.

Nilikuwa naujua mwiko huo miaka hamsini. Nilimwaga chumvi hata hivyo.

Nilinunua chumvi ya mifugo. Siku nne mfululizo, mchana, nikichunga mbuzi, nilimwaga chumvi kidogo kidogo kutoka pale kwenye pengo mpaka kwenye munyu. Nilipimia kwa kikombe cha Namu. Mbuzi wangu Kairu alinifuata nyuma akilamba kila nilipomwaga, ikabidi nimfunge mtini. Siku ya tatu niliona kwato. Kubwa, za wawili au watatu. Walikuwa wamevuka na kurudi.

Nikaenda kwa Runji. Nikamwambia kila kitu: pengo liko wapi, pofu wanavuka alfajiri, askari wa usiku ni Ireri, wa asubuhi ni Marigu na Marigu huchelewa. Runji ni mtu mgumu lakini hata yeye aliniuliza.

"Mama Ireri, huyo si mwanao anayelinda pale?"

"Nitamwondoa," nikasema.

"Na munyu? Namu akijua?"

"Namu yuko kitandani. Nani atamwambia?"

Hivyo ndivyo nilivyosema. Sijasahau hata neno moja.

Asubuhi tuliyopatana na Runji, kabla jua halijatoka, nilimpigia Ireri simu. Nikamwambia baba yake anamwita, aje mara moja asingoje Marigu. Ilikuwa uongo. Namu alikuwa amelala. Ireri akaja mbio, koti likiwa limelowa umande, akakaa kando ya kitanda akimngoja baba yake aamke. Nikampa chai. Nikampa na kiazi cha kuchemsha. Kila alipotaka kunyanyuka nilimwambia angoje kidogo tu. Nilimweka pale mpaka niliposikia mbwa wa Runji wakibweka mbali huko korongoni, mara moja, kisha kimya.

Ndipo nikamwambia, "Baba yako amelala sana. Nenda, utamwona jioni."

Saa nne hivi Runji akaniletea paja dogo ndani ya gunia, chini ya majani ya kunde. Nikapika. Nilichemsha mpaka mfupa ukaachia mafuta, nikachuja, nikatia chumvi kidogo. Nikamwinua Namu nikamwegemeza kifuani kwangu.

Aliponusa tu, macho yakafunguka.

"Hii umeitoa wapi?"

"Ni Runji. Amepata huko mbali, upande wa Kiambere."

Akala. Alikula bakuli zima, mimi nikimlisha kijiko baada ya kijiko, na mwisho akafuta bakuli kwa kidole kama mtoto. Akaniambia sasa hata akienda anaenda kama mtu aliyeshiba. Nikafurahi! Mungu anisamehe, nilifurahi siku nzima.

Jioni wakaja majirani na habari.

Marigu alifika kazini akakuta damu kwenye munyu, na kichwa cha pofu, na utumbo wake umetupwa. Alikuwa jike, na ndani ya mfuko wa uzazi mlikuwa na ndama aliyekuwa karibu kuzaliwa. Mzee Kathuri aliita askari wa wanyama. Waliona chumvi iliyomwagwa kwa mstari mpaka kwenye pengo. Wakauliza ni nani waliojua kuhusu hilo pengo. Watu watatu tu: mwenye shamba, Marigu, na Ireri. Wakauliza nani alikuwa zamu. Ireri. Ulikuwa wapi? Nilienda nyumbani kunywa chai. Nani alikuita? Hakuna aliyeniita, nilikuwa na njaa tu.

Hivyo ndivyo alivyowajibu. Mimi niliposikia nikadhani amesahau simu yangu. Nikashukuru amesahau. Mnaona moyo wangu ulivyokuwa?

Wakamchukua.

Namu alisikia yote kutoka kitandani. Majirani walipoondoka aliniuliza kitu kimoja.

"Ile niliyokula mchana?"

"Nimekwambia, ni ya Kiambere."

Aliniamini. Tulikuwa tumeishi pamoja miaka hamsini na sikuwahi kumdanganya hata juu ya sukari. Akageukia ukuta. Akasema, "Basi mtoto wangu ameua kwenye munyu. Ameua aliyebeba mimba."

Tangu siku hiyo aliishi siku kumi na moja. Nilizihesabu wakati huo, na mpaka leo nazihesabu.

Niliuza Kairu na mama yake, Ireri akatoka kwa dhamana siku ya saba. Kazi ilikuwa imekwisha. Kesi baadaye ilikosa ushahidi ikafa, lakini huko vijijini kesi haifi kwa sababu hakimu amefunga faili. Alikuja moja kwa moja mpaka kitandani, akapiga magoti.

Kwetu mzee akijua anaondoka, anawaita watoto wake, anawatemea mate kidogo kifuani, anawatakia mema. Wakristo tunaomba, lakini hilo pia hatujaliacha. Binti zetu wawili, Igoki na Wanjira, walikuwa wameshabarikiwa. Wajukuu wote walikuwa wameshabarikiwa, hata yule mchanga wa Wanjira aliyelia. Kulikuwa kumebaki kifungua mimba.

Ireri alifungua vifungo vya shati. Akangoja.

Namu hakugeuka kutoka ukutani. "Mwambie aondoke," akaniambia mimi, kama Ireri hayupo.

Ireri akanitazama. Alinitazama mara moja, kwa muda mrefu, halafu akafunga vifungo vyake kimoja kimoja akatoka nje.

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Ni sentensi moja tu: ni mimi, Baba Ireri, ni mimi niliyemwaga chumvi. Mdomo niliufungua. Namu akanyoosha mkono wake, akashika wangu, akauweka shavuni kwake. Nikaufunga mdomo.

Niliogopa asije akauachia ule mkono. Ndiyo kweli yote, sina nyingine. Nilitaka afe akinipenda. Mapenzi yake yalikuwa ya kutosha mtu mmoja siku zile, nikachukua mimi, mwanangu nikamwacha mikono mitupu. Siku nne nyingine nikajiambia kesho nitasema. Alifariki asubuhi, akiwa na kichwa chake mapajani mwangu.

Kwenye maziko, kaka yake Namu alichukua koleo kabla Ireri hajalifikia. Kifungua mimba ndiye hutangulia kutia udongo. Ireri akatia wa mwisho. Watu waliona. Mpaka leo huku wanamwita Ireri wa Munyu, na watoto wanaofuata mbuzi hawajui hata jina hilo lilitoka wapi.

Akahama. Alienda Meru, akajifunza kuchomelea mageti. Ana karakana yake Kinoru, ng'ambo kidogo ya uwanja, na mke, na mtoto wa kiume aliyepewa jina la Namu. Kila mwezi ananiuliza kwa simu kama nimekula. Runji alikwenda kuchimba mchanga upande wa mto, hajarudi kunisalimu. Nikabaki mimi na siri yangu, nikidhani iko salama.

Mwaka huu, baada ya kuvuna ndengu, nilienda kumtembelea. Sikuwa nimefika kwake hata mara moja. Mkewe alinikaribisha, akaenda sokoni. Ireri alikuwa karakanani, akaja akanawa mikono, akasema atanipikia chai mwenyewe. Akanyoosha mkono ukutani, kwenye msumari, akateremsha kikombe.

Kikombe cha bati. Cheupe, ukingo wa samawati. Kitundu cha msumari kwenye sikio, na kipande cha kamba yangu ya mkonge bado kimefungwa.

Nilikuwa nimekitafuta miaka sita. Nilikumbuka siku ile ya nne nilikitundika kwenye kisiki nikimfungua Kairu. Nilidhani nilikiangusha njiani.

Nikakaa. Yeye hakunitazama, alikuwa anamimina chai.

"Nilikiokota," akasema. "Nilifika pale pamoja na Marigu. Yeye alikuwa anaangalia damu, mimi nikakiona kwenye kisiki, kina chumvi ndani. Nikakitia ndani ya koti kabla askari wa wanyama hawajafika."

"Ulijua."

"Nilijua tangu asubuhi, Mama. Baba hakuwa ameniita. Mtu aliyelala vile haiti mtu."

Nilimwuliza kwa nini hakumwambia baba yake. Alikuwa amepiga magoti pale, kifua wazi, na neno moja lingempa kila kitu. Alikoroga chai muda mrefu.

"Baba alikuwa hali chakula kwa mkono wa mtu mwingine," akasema. "Igoki alijaribu, Wanjira akajaribu, akakataa. Ningesema, angekataa na wako. Sasa nani angemlisha?"

Nililia vile wazee wanavyolia, bila sauti, pua tu inachuruzika. Nikamwambia nitaenda mbele ya ukoo, mbele ya kanisa, niseme yote. Akaniambia nifanye ninavyoona, ila nisiseme nafanya kwa ajili yake, maana yeye wakati wake ulipita.

Nikamwomba basi anirudishie kile kikombe, nikakizike au nikivunje, nisikione tena.

Akakivuta upande wake wa meza.

"Hicho kiache, Mama. Ndicho kitu pekee cha Baba nilicho nacho."

Nilinywa chai kwenye gilasi. Yeye akanywa kwenye kikombe.

Nimerudi nyumbani. Nimeshasema kwa ukoo. Kaka yake Namu alisikiliza, akasimama, akatoka bila kuniaga. Jumapili hii nitasema kanisani. Nimeandika na hapa ili watu wa mbali ambao hawatanihurumia wala kunichukia wasikie pia.

Asubuhi bado napeleka mbuzi kwenye munyu, nimebaki na watatu: Kamweru, Njoro na binti wa yule Kairu niliyemuuza. Fensi ilitengenezwa zamani. Wale pofu wanasimama huko ndani, mbali siku hizi, si hatua mbili tena. Hakuna mmoja aliyewahi kuvuka kuja kulamba tangu siku ile.

Wewe mwenye mgonjwa nyumbani, unayemficha jambo kwa kusema unamhurumia, jichunguze unamhurumia nani. Kama kuna mtoto anayebeba kosa lako, lichukue leo, mgonjwa akiwa bado anaweza kugeuka. Hasira yake ungeivumilia. Watu wanavumilia hasira. Mimi mwanangu alifungua shati lake mbele ya baba yake, akalifunga tena, na hakuna mtu aliyebaki duniani wa kumfungulia.